Mama Mkubwa wa Ng'ambo ya Mfereji

Nyumbani walimwita Kimbaumbau kwa wembamba wake, na jina likamganda mpaka utu uzima. Mama yake alikuwa kibaruani kutwa, kwa hiyo mtoto alilelewa zaidi na mama mkubwa, dada wa mama yake, fundi cherehani aliyeolewa upande wa pili wa mpaka. Mpaka wenyewe ulikuwa mfereji mkavu na mawe yaliyopakwa chokaa. Akitoka shule, Kimbaumbau aliruka mfereji, akaingia jikoni kwa mama mkubwa bila hodi, akajipakulia.

Huko ndiko alikopata hamu ya kuwa askari wa mpakani. Aliwaona kila siku wakipita doria, buti zinameta, darubini kifuani. Alipoomba kazi mara ya kwanza, mzani ulimkataa. Mama mkubwa akaivalia njuga kazi ya kumlisha, akimsimamia mezani mpaka sahani iwe nyeupe. Mara ya pili akapita.

Alipomaliza mafunzo alimpelekea sare azipunguze. Suruali ilimpwaya vibaya.

"Hii wameshona ya watu wawili," mama mkubwa akasema, pini zikiwa mdomoni. "Mwenzio umemwacha wapi?"

Akapangiwa kituo cha kwao, jambo aliloliombea usiku na mchana. Siku ya kuripoti ndipo alipoambiwa kwamba askari hakanyagi ng'ambo bila kibali cha makao makuu, hata akiwa likizo. Kibali aliomba, hakujibiwa. Basi mama mkubwa akawa ndiye anayekuja, kwa njia ile ile ya mferejini. Alimletea chakula, akachukua nguo za kushona, akarudi kwake. Askari wenzake walijifanya hawaoni.

Kisha akaja mkuu mpya wa kituo, mtu aliyekula kiapo kuzifunga njia zote za panya. Asubuhi moja alitoka doria mwenyewe, akamchukua Kimbaumbau. Walikuwa wamewakamata wachuuzi wachache wa mafuta ya magendo, wamewakalisha chini, mama mkubwa alipojitokeza mferejini na mfuko mkononi.

"Kimbaumbau, shati lako hili hapa," akasema, akihema. "Nimeweka na vifungo vipya."

Mkuu akageuka. "Unamjua huyu?"

Jibu lilikuwa fupi, na angeweza kulitoa. Lakini aliwatazama wale waliokaa chini, akamtazama mkuu, akafikiria cheo alichokuwa akikisubiri.

"Ni fundi wa nguo tu, afande."

Kimbaumbau akamgeukia mama mkubwa, akamwambia kwa sauti ya kazi, "Mama, rudi ulikotoka. Ukitaka kuja huku, pita kituoni kama watu wengine."

"Sawa, afande," akajibu.

Akarudi. Siku hiyo hiyo alizunguka kwa gari hadi kituoni, akapanga foleni juani na magoti yake mabovu, akagongewa muhuri. Alasiri, mlinzi wa geti la kambi akamkabidhi Kimbaumbau mfuko.

"Kuna mama kauacha. Nimemwambia akusubiri, kakataa."

Hakuja tena. Kimbaumbau alijiambia atakwenda kumwomba radhi mambo yakitulia. Mkuu akampendekeza, akapata ukoplo, akahamishiwa mpaka mwingine, mbali sana. Alikuwa akipiga simu. Mama mkubwa alipokea, akauliza afya, akamwombea heri, akaaga. Hakuna hata siku moja aliyomtania. Miaka ikapita hivyo, naye cheo kikipanda.

Alipokuwa sajini, kibali kikatoka. Akapita kituoni na pasi yake mkononi, amevaa kiraia, akafika kwa mama mkubwa akakuta mlango uko wazi. Akashindwa kuingia. Akapiga hodi.

"Karibu, baba, karibu sana," mama mkubwa akasema. Alikuwa amezeeka. Akamkalisha sebuleni, akafuta meza iliyokuwa safi, akaleta chai kwenye sinia, akamuuliza habari za barabara.

"Mama mkubwa," Kimbaumbau akaanza, "siku ile pale mferejini..."

"Ulikuwa kazini," akamkatiza kwa upole. "Sukari inatosha?"

Kama angemfokea, Kimbaumbau angepata pa kuanzia. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kufukuzwa. Hakujiandaa kuulizwa sukari. Akasema inatosha.

Mama mkubwa akaomba samahani, kuna gauni la mteja linasubiriwa, akaketi kwenye cherehani. Uzi ulikuwa umechomoka. Akaulamba, akausogeza kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni.

"Nipe nikutungie," Kimbaumbau akasema, akiinuka.

"Kaa tu, baba. Umechoka na safari."

Akaketi. Mama mkubwa akaulamba uzi tena, akaukosa tena, naye sajini ametulia kitini, mikono magotini, akimtazama.