Gari Lililowaka Mchana

Ukitaka kujua kama buji za dizeli zimekufa, usilipime gari saa sita mchana. Mchana dizeli ni nzima hata ikiwa mgonjwa. Lipime alfajiri, likiwa limelala kwenye baridi. Hilo nilifundishwa kwa makofi nikiwa kijana kule Uvira, na nililijua vizuri siku ninayoisimulia hapa.

Jirani yangu wa Rubondo, Mrundi mpole kupita kiasi, alikuwa na gari kuukuu la kubebea ndizi kwenda soko la Isingiro. Asubuhi lilikuwa linakataa. Lilikohoa, likatoa moshi mweupe unaonuka mafuta mabichi, likatetemeka, likazima. Basi kila jioni aliliacha juu kwenye mteremko wa kanisa, kichwa kikitazama chini, kama wenye dizeli wengi tunavyofanya huku Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Asubuhi unalisukuma kidogo, linateremka, linashika lenyewe. Ila kutoka kwake mpaka kanisani ni mwendo mrefu kwa mtu mgonjwa.

Na ndiyo sababu alikuja kwenye karakana yangu, Base Camp. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na wakunga walikuwa wamemwambia mama wazi kwamba uchungu ukianza asingoje, aende hospitali ya Mbarara mara moja. Jirani alitaka gari lilale mlangoni kwake na liwake asubuhi kwa ufunguo. Hakuomba kingine.

Buji ninazosema si za cheche, dizeli haina cheche. Ni vijiti vya chuma, kimoja kwa kila silinda, vinavyopashwa na umeme kabla hujapiga stata. Ncha inakuwa nyekundu, hewa baridi inapata moto, mafuta yanashika. Mafundi wa Mbarara wanaziita hita. Zikifa, asubuhi unasaga stata mpaka betri iishe, lakini injini ikishapata joto hazina kazi tena.

Nikachukua taa yangu ya kupimia. Waya mmoja kwenye chanya ya betri, ncha nyingine nikagusa kichwa cha buji ya kwanza. Taa ikawaka. Ya pili ikawaka, ya tatu, ya nne. Taa ikiwaka, umeme unapita, buji ni nzima.

Lakini vichwa vyote vinne vimeunganishwa na kipande kimoja chembamba cha chuma, sisi tunakiita sahani. Sahani lazima itoke kwanza, upime buji moja moja. Usipoitoa, buji moja nzima inatosha kuwasha taa kwa niaba ya maiti tatu. Hata fundi wa jana anajua. Ila nati ya nyuma ilikuwa imejificha chini ya mipira ya mafuta, na soketi yangu ndefu nilikuwa nimemwazima mwenzangu wa ng'ambo ya soko. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa, na mimi kichwa changu ni kigumu.

Jirani akauliza taratibu kama ile sahani haitolewi, maana aliwahi kuona Mbarara wakiitoa.

"Fundi hapa ni nani, ni mimi ama ni wewe?" nikamwambia.

Akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi, jamani.

Nikasafisha chujio, nikakaza mipira, nikatangaza kwamba ni hewa iliyokuwa inaingia kwenye mafuta. Nikamwambia apige ufunguo mwenyewe. Injini ilikuwa bado na joto la safari ya kutoka Rubondo, ikashika palepale. Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili.

"Motokari imepona, ndugu," nikasema. "Kule kwa mteremko usirudi tena. Ilaze kwako."

Ningelilaza kwangu nikalipiga alfajiri, ningejua. Sikulilaza.

Siku tatu hakuwa na ndizi za kupeleka, gari likakaa mlangoni bila kuguswa. Asubuhi ya nne, baada ya mvua, niliamshwa na sauti ya stata. Ilisaga, ikasaga, ikaanza kuchoka. Niliruka kitandani nikakimbia. Nilipofika, uwanja mzima ulikuwa umejaa moshi mweupe, na mke wake amekaa kiti cha nyuma, ameng'ang'ania mlango, uchungu umemshika. Tulisukuma watu wanane. Fasi ile ni tambarare na ilikuwa tope tupu, magurudumu yakawa yanaburuzika tu. Kisha betri ikafa.

Tukampakia kwenye boda, mume nyuma akimshikilia, mpaka zahanati ya Base Camp. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mwingine, ikabidi wangoje lirudi. Mbarara walifika mchana. Kizazi kilikuwa kimepasuka. Daktari alimwokoa mama kwa kukitoa. Mtoto, msichana, alitolewa amekufa.

Kwenye matanga watu walisema ni mapenzi ya Mungu, wengine walisema ni mvua. Nilikaa pale nikila maharage yao. Jirani akanishika bega, akaniambia nisijisumbue, kazi yangu niliifanya vizuri, gari ndilo kuukuu. Heri angenipiga.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwake na soketi ndefu. Nikaitoa sahani, nikapima moja moja. Taa iliwaka mara moja tu. Nikafungua zile tatu nyingine, nikazigusisha kwenye betri, zikabaki baridi. Nilitaka kuzitupa chooni, sitadanganya. Nilizishika mkononi, nikabisha hodi.

Nilimweleza yote, kwamba siku ile tatu zilikuwa zimekufa tayari na kwamba sikuitoa sahani. Alizitazama, hakuzigusa.

"Kuitoa kungechukua muda gani?" akauliza.

"Dakika kumi."

Akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani. Ukuta wao ni wa udongo, na Kirundi nakisikia. Mke wake aliuliza fundi anataka nini. Akamjibu kwamba ni dakika kumi. Mke akauliza, dakika kumi za nini. Nikaondoka kabla hajamjibu.