Fyulisi Ndani ya Wiski

Kila Jumapili akitoka kanisani, Verlene humkuta jirani yake, fundi mapipa mstaafu wa hapa Bardstown, ameketi barazani na kinu kidogo cha mbao. Mikono iliyofunga mapipa ya wiski miaka arobaini humenya fyulisi polepole, kana kwamba litalia. Huliponda na sukari, humimina wiski, huonja, hukunja uso, huanza upya. Bintiye alipomtengenezea kinywaji hicho, mzee alionja tu, akakimwaga majanini mbele ya Verlene na wageni wengine waliokuwa wakikinywa. "Tunda ni la pai, we mtoto!" Binti akahamia Chicago, na huu ni mwaka wa tatu hajakanyaga hapa.

"Leo je?" mzee alimuuliza Verlene Jumapili hii, akimsukumia glasi.

"Kitamu, mzee. Ila si kama chake."

"Najua! Kinakosa nini?"

"Si umpigie umuulize, kichwa jiwe wewe?"

"Atajua nakinywa."

"Basi na ajue!"

Mzee alisugua kokwa la fyulisi kwa kidole gumba mpaka barafu ya glasini ikayeyuka yote. Kisha akachukua simu, akampigia bintiye, akakohoa mara mbili.

"Ni mimi," alisema, sauti imemshuka. "Lile fyulisi... huwa unaliponda na ganda lake?"