Mpango wa Miaka Mitatu

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya wakala wa magari hapa Tunduma, nimechoka na foleni. Mbele yangu walisimama mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Igamba, na mkewe. Gari lao la kifahari, la haibridi, linalotumia petroli na betri kubwa, lilikuwa limezeeka, na karani alikuwa akiwaeleza mipango miwili ya matengenezo.

"Huu mdogo ni wa mwaka mmoja, oili na breki tu," alisema. "Mkubwa ni wa miaka mitatu, na betri ya haibridi imo. Betri yenu imechoka, mzee. Chukueni mkubwa."

Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la koti.

"Daktari wa macho amenipa mwaka mmoja wa kuendesha. Tupe mdogo."

Mkewe akamgeukia. "Hukuniambia."

"Ndiyo nakwambia sasa."

Mama akaivuta fomu ya mpango mkubwa. "Andika huu, mwanangu. Nitajifunza kuendesha mimi."

Wasomaji, mkikuta gari la kifahari likijikongoja barabara ya Igamba, naomba msilipigie honi.