Jaketi la Fundi Barafu

Duka lilikuwa na majaketi ya pikipiki ya aina tatu. Ya ngozi yalitundikwa juu kabisa, yamevikwa nailoni kama picha za harusi. Ya bei ya kutupa yalirundikwa kapuni karibu na mlango, nyuzi zikichungulia kila upande. Katikati, kwenye henga zilizopinda, yalining'inia yale ya kitambaa kigumu kama cha begi la shule, yenye vikinga vya plastiki mabegani na viwikoni. Fundi Barafu akatazama juu, akatazama chini, kisha akanyoosha mkono katikati, kama alivyozoea kufanya katika mambo mengi.

Jina hilo alibandikwa na wauguzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka zahanati za milimani kutengeneza friji za chanjo: leo mpira wa mlango umelegea, kesho kompresa inakoroma kama mlevi, keshokutwa gesi imeisha. Mumewe alikuwa mwoka mikate. Watani mtaani walisema nyumba ile haihitaji majira ya mwaka, maana mume ni tanuri na mke ni friji.

Mama mkwe wake aliishi nao, katika chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule tangu usichana, na cherehani yake bado ilikuwa chini ya dirisha hilo, imefunikwa shuka. Siku jaketi lilipoingia nyumbani, alilipindua nje ndani kabla hata ya kumwangalia mwenyewe. Akapitisha kidole kwenye mishono, akavuta zipu juu na chini.

"Kitambaa kizuri," alisema. "Bitana nzuri. Zipu ya kudanganyia watoto."

"Muuzaji amesema itadumu, Mama."

"Muuzaji hana mshipa wa aibu." Akamrudishia. "Na ukipita hapo nje umevaa hivi, mke wa mwanangu, majirani watadhani nimeletewa askari."

"Si watakuogopa?"

"Mimi naogopwa tayari."

Miezi ya mwanzo jaketi lilimkalia kama mgeni asiyejua pa kuweka mikono. Akiinama kuwasha pikipiki, kola ilimpiga kidevuni. Vikinga vya viwiko viliteleza mpaka nusu ya mkono, na alipoingia zahanati alitembea amejitanua, wauguzi wakicheka chini kwa chini. Halafu, bila yeye kujua ni lini, kitambaa kikamzoea. Mikono ilipata mikunjo yake na mgongo ukajua unavyokaa.

Hapo ndipo safari zilipobadilika. Asubuhi barabara ya mlimani ilikuwa na ukungu, na ukungu ulipompokea, dunia yote ilibaki nje ya zipu. Ndani kulikuwa na joto lake, mapigo yake ya moyo, na harufu ya mkate, kwa sababu mumewe alimtilia andazi la moto kwenye mfuko wa ndani kila alfajiri, na mfuko ukaishia kunukia hata siku za mapumziko. Upepo ulikwenda shhh kwenye mabega. Barabara ilimjia taratibu kama kitambaa kinachokunjuliwa mezani, miti ikitokea na kuyeyuka. Mara nyingine alifika zahanati na asikumbuke daraja alilivuka saa ngapi, wala kama kweli alilivuka au lilimpitia usingizini. Aliwahi kumwambia mumewe kwamba humo ndani ya jaketi ndimo chumba chake cha peke yake kilimo. Mumewe, mtu wa maneno machache, aliuliza kama kina nafasi ya mtu mwingine.

Zipu ilikufa katika mvua kubwa za pili. Mama mkwe alifunua cherehani, akang'oa zipu ya foronya ya godoro kuukuu, akaishona pale. Ilikuwa ya rangi ya maziwa kwenye jaketi jeusi. Fundi Barafu alionekana kama amepasuliwa na kufungwa upya, lakini zipu ile haikuleta tena matata.

Jua nalo lilifanya kazi yake. Weusi ukachujuka, ukawa rangi ya majivu, kwanza mabegani, kisha mgongoni. Bitana ya kuzuia mvua ilianza kuruhusu maji kwapani, naye akajifunza kuendesha viwiko vimebana, kama mtu aliyeficha vifaranga. Wauguzi walimshauri anunue jipya. Alisema atanunua. Alisema hivyo miaka kadhaa.

Kisha akaanguka. Ilikuwa kwenye mteremko wa udongo mwekundu, mvua imekatika muda huohuo. Tairi la nyuma liliondoka kivyake, pikipiki ikalala, naye akateleza ubavuubavu chini ya mteremko, polepole mno, au ndivyo alivyoona. Alipokoma kuteleza alikuwa chali. Mbingu ilikuwa nyeupe na karibu. Hakusikia maumivu wala hofu. Alikuwa akiwaza mpira wa mlango wa friji moja, kama aliubana sawasawa, na wazo hilo lilielea juu yake kama unyoya, likakataa kutua. Alipoinuka ndipo alipoona mkono wa kulia wa jaketi umelika kabisa, plastiki ya kiwiko imekwanguka mistari. Ndani yake kiwiko kilikuwa kizima, hata mkwaruzo hakina.

Jioni mumewe alimshika mkono ule, akaugeuza huku na huku, vidole vina unga. Mama mkwe alichukua jaketi, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango. Cherehani ililia siku mbili. Lilipotoka, lilikuwa na kiraka cha ngozi ya kahawia kwenye kiwiko, kilichoshonwa mistari miwili. Fundi Barafu alikitazama, akaitambua ngozi.

"Mama, huu si mkoba wako wa kutokea?"

"Kwani mimi natoka kwenda wapi?" alijibu mama mkwe, akaendelea kuokota nyuzi sakafuni.

Hawakulizungumza tena. Ila tangu siku hiyo bibi yule hakuliita tena jaketi la askari.

Miaka ikasogea, na akili ya mama mkwe ikaanza kufumuka, mshono mmoja baada ya mwingine. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita mwanawe kwa heshima kubwa, akimchukulia kuwa kaka yake. Alikaa dirishani kutwa, mikono ikisukuma kitambaa kisichokuwepo kupita chini ya sindano isiyokuwepo.

Siku moja ya mapumziko Fundi Barafu alitoka sokoni, akamkuta ameketi kitini amevaa jaketi, amefunga zipu mpaka kidevuni. Mikono ilimzidi urefu.

"Umekawia, dereva," alisema. "Tuondoke."

Fundi Barafu aliweka kikapu chini. Alitaka kusema, Mama, vua, utatoka jasho. Badala yake alivuta kigoda, akakiweka mbele ya kiti cha bibi, akampa mgongo. Baada ya kitambo akahisi mikono miwili myepesi ikishika mabega yake.

"Sasa tumevuka daraja," alianza, kwa sauti ya chini. "Maji ni mengi leo. Sasa tunapanda. Kuna kona hapa ya kulia, jishike."

Mama mkwe akainama kulia.

Alimpitisha njia nzima, kwenye ukungu, kwenye miti mirefu inayonuka dawa ya kikohozi, kwenye mteremko mwekundu. Mume alirudi kutoka kazini na mikate kwapani, akasimama mbele yao asijue pa kupita.

"Mnaenda wapi?"

"Toka barabarani," mama yake alimwambia.

Ikawa desturi yao. Katika safari mojawapo, walipofika juu ya kilima kwa maneno, bibi alisema, kwa sauti safi ya zamani, kama mtu aliyeamka: "Hizi shule za huku juu zote nimezishonea mimi. Sketi, kaptula, mashati. Magunia kwa magunia. Hata shule moja sijaiona kwa macho."

Fundi Barafu aliacha kuendesha. Usiku ule akaamua kumpeleka bibi akazione shule hizo.

Mumewe aliposikia anachotaka kufanya alikataa katakata, kisha akakataa kidogo, kisha akaleta mkanda mpana wa kumfungia mama yake. Walichagua asubuhi kavu. Mama mkwe alivaa jaketi. Mkwewe alivaa sweta mbili na bado baridi ilimtafuna. Aliendesha kama aliyebeba sinia la mayai. Ukungu uliwapokea palepale pa kila siku, na kwa mara ya kwanza hakuwa peke yake humo. Kichwa cha bibi kilimgonga mgongoni, kikatulia. Kwenye kona, bila kuambiwa, bibi aliinama.

Walifika shuleni wakati wa mapumziko. Uwanja ulikuwa umefurika watoto wenye mashati ya buluu, wakikimbia, wakielea kwenye ukungu mwembamba kama nguo zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba. Mama mkwe alisimama langoni. Msichana mmoja akamsogelea kumwamkia, naye akamshika kola, akaipapasa kwa vidole viwili.

"Imekaa upande," alisema. "Hii si yangu."

Akamshika mwingine, na mwingine tena. Watoto walijipanga wenyewe, wakicheka, kila mmoja akinyoosha shingo akaguliwe. Kwenye shati moja lililopauka, la kurithi bila shaka, mkono wake ulisita. Aligeuza kola, akatazama mshono wa ndani, mistari miwili iliyokaribiana. Alikifunga kifungo kilichokuwa wazi, akalisawazisha shati kifuani kwa mtoto, akabaki ameweka kiganja pale mpaka kengele ilipolia.

Kufika jioni alikuwa ameshasahau kila kitu. Ila alikataa kuvua jaketi. Akalala nalo, na kesho yake akaamka nalo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumlazimisha.

Basi Fundi Barafu akarudi dukani, akanunua jingine la katikati, la kijivu. Lilimpiga kidevuni. Alipanda nalo mlimani amejitanua, akaingia zahanati ya kwanza, na muuguzi aliyekuwa ameinamia meza akamtupia jicho la haraka.

"Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ni yuleyule," alisema, akifungua zipu. "Friji inasumbua nini?"