Ng'ombe wa Mahari Walivyorudishwa Kwenye Lori

Jamani, niliaibika mbele ya wakwe, tena mchana kweupe, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, kwa hiyo msinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa msimamizi wa ghala hapa Tunduma, kwenye kampuni moja inayopitisha mizigo ya Zambia, kazi zikapungua wakaamua kutupunguza na sisi. Bosi akatukusanya uani, akawa anamtajia kila mtu mafao yake kwa sauti, notisi, likizo, kiinua mgongo, anajumlisha kama mchungaji anayegawa baraka, nasi tukampigia makofi (ndiyo, tulimpigia makofi mtu anayetufukuza kazi!).

Sasa mimi nilikuwa sijamaliza mahari. Wakwe zangu wako Isansa, watu wa kahawa, wapole, ila kila sikukuu baba mkwe hakosi kuniuliza, "Mwanangu, zizi langu unalionaje?" Nikaona ile jumla ya bosi inatosha ng'ombe watano waliobaki, na inabaki ya kuanzia duka. Nikampigia Haonga, mfanyabiashara wa ng'ombe wa kule Msangano, nikasema neno dogo tu: "Walete Jumamosi moja kwa moja ukweni, hela utapokea hapohapo." Hela yenyewe ilikuwa haijaingia.

Jumamosi ukoo mzima upo, kwaya ipo, lori linaingia, ng'ombe wanashuka, vigelegele, na mimi nimesimama na suti (ya kuazima, lakini nani anajua), mara ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu. Nikausoma, nikaurudia. Pungufu! Tena si ya kufidia kwa kukopa hapa na pale, pungufu ya kutisha.

Mwenye akili angejitenga pembeni. Mimi nikasema hapana, wakwe washuhudie ninavyodhulumiwa, nikampigia mhasibu wa kampuni na kuweka spika.

"Wewe dada ni mwizi! Hela yangu iko wapi?"

Kwaya yote ikageuka kunitazama.

"Kaka, hakuna aliyekuibia," mhasibu akajibu, sauti ikasikika mpaka jikoni. "Hiyo ni kodi ya mapato. Malipo ya kuachishwa kazi yanakatwa kodi kama mshahara wako ulivyokuwa unakatwa. Alichowatajia bosi ni kabla ya kodi."

"Mbona hakusema?"

"Hilo muulize mwenyewe."

Haonga alikuwa keshasikia yote. "Ndugu yangu, pole," akasema, "lakini mimi nauza ng'ombe, makato siyajui." Nikalipia watatu, wawili wakarudishwa kwenye lori mbele ya wageni wote, na mmoja akagoma kupanda, ikabidi mashemeji zangu wamsukume matakoni huku mke wangu amejifunika uso kwa kitenge. Baba mkwe akaniuliza kwa upole ulioniua kabisa, "Kwa hiyo, mwanangu, hata ng'ombe wangu wamekatwa kodi?"

Jumatatu nilienda kumwomba radhi yule dada, nilimkosea, alikuwa anafanya kazi yake. Halafu nikaingia kwa bosi kumuuliza kwa nini hakututajia kodi. Unajua alinijibu nini? "Si kila mtu anajua hilo?" Kila mtu nani? Wapakiaji waliokuwa pale uani, wengine wameshalipia mbolea, wengine wameshaahidi ada, walijua? Kodi siikatai, nimekatwa miaka yote nikiwa kazini na sikuwahi kupiga kelele. Lakini mtu mzima anasimama mbele ya watu anaowaondolea riziki, anawatajia hela ambayo anajua hawataiona, anapokea makofi yao, ananyamaza! Huo ni utu gani?

Basi nimeapa. Atakayenitajia malipo tena, awe bosi, awe nani, sipigi makofi wala sitabasamu mpaka aniambie mkononi nitashika nini.