Ufunguo Uliobaki Saiba

"Kama nimenunua kitu kikawa changu, mbona naomba ruhusa ya kukitumia?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa ameketi mbele ya mashine yake ya kudarizi, sebuleni kwetu, mtaa wa Umoja. Mimi niliyetoka chuo kikuu nikibishana na kila mtu, wahadhiri hadi mhubiri, niliingiza tena ufunguo wa programu yake, ule msururu wa herufi na namba. Kompyuta yangu ilionyesha ujumbe mmoja tu: ufunguo huu umeshatumika.

Programu yenyewe, ile inayogeuza mchoro kuwa mishono, aliinunua mjini, halali, ndani ya boksi, akikataa nakala za wizi walizokuwa nazo mafundi wenzake. Akina mama wa kanisani walikuwa wamempa kazi ya kudarizi nembo kwenye vitambaa vyao vya kichwa, kazi yake kubwa ya kwanza tangu kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini. Vitambaa vilitakiwa Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kosa lilikuwa la kimtaa kabisa. Kwetu chochote chenye fomu hupelekwa saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti: cheti cha kuzaliwa, kodi, maombi ya shule. Kwa hiyo Mama alipoona programu inadai kusajiliwa, alimpelekea mwenye saiba karatasi ya ufunguo, naye akaisajili vizuri sana, kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ufunguo ukabaki huko.

Niliandikia kampuni barua pepe tatu. Nilijibiwa na mtambo ulionishukuru kwa uvumilivu ambao sikuwa nao, ukadai picha ya boksi, pande zote. Lakini Mama alikuwa ameshalikata boksi kupata kipimo cha kukatia kola, kama anavyofanya kwa kila boksi gumu linaloingia nyumbani.

"Wewe si ndiye uliyesoma?" akasema.

Nikaanza kumweleza kwamba labda hakununua programu, alinunua ruhusa tu. Akaniangalia kama anavyoangalia mshono uliopinda.

Ijumaa asubuhi nilienda saiba nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilimkuta Mama ameshatangulia, amevaa miwani, ameketi mbele ya ile kompyuta iliyomeza ufunguo wake, anachora ua la nembo taratibu. Mwenye saiba alikuwa amemwomba msamaha na kumpa kiti cha pembeni, karibu na dirisha.

"Programu siwezi kukuhamishia, mathe," alimwambia. "Lakini flashi si unayo?"

Alikuwa nayo. Mchoro ukaingia kwenye flashi, flashi ikaingia kwenye mashine nyumbani, na mashine haikuuliza ufunguo wa mtu. Niliposikia sindano ikianza kugonga, mabega yangu yalishuka. Hotuba niliyokuwa nimemwandalia mwenye saiba sikuwa na pa kuipeleka, na sikuihitaji tena.

Jumamosi jioni Mama alikata uzi wa kitambaa cha mwisho. Jumapili nilienda kanisani, jambo nililokuwa nimeliacha, nikakaa nyuma na kuangalia vichwa tu.

Mama aliendelea kwenda saiba na flashi yake kwa miaka minne. Juzi, aliponituma nimletee kipimo cha kola, nilikigeuza kile kipande cha boksi. Ukingoni, kwa maandishi madogo ambayo mkasi uliyakosa kidogo tu, palikuwa pameandikwa kwamba ufunguo ni wa kompyuta mbili. Kwa ya pili, ongeza herufi B mwishoni.