Tata na ndugu yake wa damu waligombea kiti kimoja, na hakuna aliyemwomba mwenzake ampishe

Wakuu, habari za jioni. Wanaostahili shikamoo yangu humu ndani sidhani kama wapo, kwa hiyo pokeeni salamu tu. Zenu nazipokea kwa mikono miwili.

Mimi ni bibi wa Chonyonyo, Karagwe. Bibi wa kweli, siyo jina la mtandaoni.

Nimesoma ule uzi wenu wa kura za maoni, jinsi wagombea wawili wa chama kimoja walivyochafuana mpaka wake zao hawasalimiani kanisani. Mkaandika kwamba siasa za siku hizi zimeharibika. Nikacheka, halafu nikakosa raha siku nzima.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Hii siyo chai. Mwenye haraka apite, maana mimi na simu hii bado hatujazoeana.

Picha linaanza miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, uhuru unanukia tu kwa mbali.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa amefundisha shule ya mapadri kabla ya kurudi kwenye kahawa na migomba yake. Kiingereza alikijua. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa anayapima kwanza.

Rafiki yake aliitwa Kakuru, mfuga ng'ombe wa Kibingo. Siku hizi huko ni Kyerwa, lakini zamani zile yote ilikuwa Karagwe, mlikuwa hamjaigawa. Kakuru alikwenda vitani na jeshi la Mwingereza, akarudi na Kiingereza cha kambini na kicheko kikubwa. Akifika kwetu na baiskeli yake tulimsikia kabla hajapita kwa jirani.

Nikisema rafiki nawadanganya. Walikuwa ndugu wa mkago.

Vijana wa mjini, mkago ni undugu wa damu. Mnachukua tunda moja la kahawa, ndani lina punje mbili. Kila mmoja anachanjwa kidogo tumboni, anapaka punje yake damu, mwenzake anaimeza. Kuanzia hapo nyumba zenu ni moja. Mapadri walikuwa hawataki kusikia habari hiyo, lakini Tata na Kakuru walifanya wakiwa vijana, na kitu ulichokwisha kukimeza padri atakitoaje?

Sheria kubwa ya mkago ni hii, na ndiyo iliyotuponza: ndugu yako wa mkago akikuomba kitu, huwezi kukataa. Chochote. Ndiyo maana mtu mwenye heshima zake haombi ovyo. Unakaa unasubiri mwenzako akuone mwenyewe.

Miaka yote walikwenda hivyo bila tatizo. Kibuyu cha maziwa kilitoka Kibingo kabla hatujasema mtoto anaumwa. Ndizi na kahawa zilitoka kwetu kabla Kakuru hajasema ana wageni. Mimi nilimwita Tata wa Kibingo, na nilipopata kipaimara aliniletea ndama, jike. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi.

Basi chama kikaingia. Wote wawili wakachukua kadi, Mama naye akachukua. Ikaja habari kwamba kutakuwa na uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ndilo bunge la enzi hizo. Karagwe ichague jina moja, lipelekwe Bukoba likashindanishwe na majina ya huko.

Mnaowajua watu wa Bukoba mnaelewa hali ilivyokuwa. Makarani wao, wafanyabiashara wao, kila ofisi wao. Sisi tulikuwa tunaonekana watu wa porini. Sasa mtu wetu akae barazani Dar es Salaam! Watu hawakulala kwa furaha.

Upande wa Kituntu na kwetu wakamtaja Tata. Upande wa Kibingo wakamtaja Kakuru.

Mama alilimaliza jambo hilo mara moja, akiwa anamenya ndizi, akianza na waitu, neno letu la kumwita mtu kwa heshima.

"Waitu, si uende Kibingo umwambie Kakuru akuachie?"

"Nikimwomba hawezi kukataa," Tata akasema. "Hapo nitakuwa sijamwomba, nimemnyang'anya."

"Basi mwachie wewe."

"Akija kuniomba, namwachia siku hiyo hiyo."

"Na yeye akiwa anasema hivyo hivyo huko kwake?"

Tata akainuka. Akachukua panga akaenda kupunguzia migomba majani ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Kakuru alikuja kweli, Jumamosi moja mchana. Sikusikia kicheko siku hiyo. Mama aliniambia nipeleke akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa. Mgeni kwetu anapewa hiyo kwanza.

Wakatafuna. Wakazungumza mvua. Wakazungumza ugonjwa wa ng'ombe. Wakamaliza mvua, wakairudia tena. Mimi niko pale pale naokota okota vitu, nasema moyoni, semeni basi.

Kakuru akaaga. Akafika mlangoni, akasimama, akageuka. Mdomo aliufungua. Tata akanyanyua uso akamtazama kwa hamu, namkumbuka mpaka leo.

"Hii kahawa," Kakuru akasema, "safari hii mmeichemsha na majani gani?"

Mama akamjibu kutoka jikoni, "Yale yale ya siku zote, waitu."

"Ni nzuri," akasema, akapanda baiskeli akaondoka.

Baada ya hapo wapambe wakashika kazi. Wapambe hawakumeza punje ya mtu, wakuu. Huku wakaanza kusema mchunga ng'ombe ataisemea nini kahawa yetu. Kule wakasema mwalimu wa mapadri atakwenda kuwaitikia Wazungu "yes, sir" kama alivyozoea. Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, mtu akatunga kwamba Tata amesema Kakuru ananuka zizi. Maneno yakafika Kibingo yakiwa yameongezewa chumvi.

Tata hakusema vile. Lakini angeendaje kujieleza? Akionekana njia ya Kibingo siku zile, watu wangesema amekwenda kuomba. Akakaa nyumbani akiteseka, na mimi nikimwona.

Siku ya kuchagua tulikusanyika Kituntu. Hakukuwa na karatasi. Wagombea walisimama mbele wakiwapa watu mgongo ili wasione nani anamwacha nani, na kila mwenye kadi akapanga mstari nyuma ya mtu wake. Mimi sikuwa na kadi, nilikaa pembeni na wasichana wenzangu.

Nikamwona Mama. Amejifunga vizuri, kitambaa cha kanisani kichwani. Akapita mstari wa Tata. Akaenda kusimama nyuma ya Kakuru.

Watu wakaguna uwanja mzima. Shangazi yangu akamvuta mkono, Mama akautoa taratibu, akabaki palepale.

Mistari ikalingana karibu sawa, ikabidi ihesabiwe upya. Kakuru akashinda kwa watu wachache tu. Wagombea wakaambiwa wageuke. Tata akageuka akitabasamu, tayari kumpa mwenzake mkono, ndipo akamwona mkewe kwenye mstari ule. Kakuru naye akamwona.

Sura ya Tata niliijua, ilikuwa ya mshtuko tu. Ya Kakuru ndiyo iliyonichanganya. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa shuka mbele za watu.

Nyumbani Tata aliuliza swali moja tu, kwa nini. Mama hakuficha.

"Ulitaka kumpa ukashindwa kufungua mdomo. Nimempa mimi kwa miguu. Nyumba yako haikumnyima ndugu yako."

Tata akasema, "Umefanya vizuri." Alimaanisha, wala hakumnunia. Lakini Kituntu hawakuelewa habari za miguu. Walipiga kelele kwamba mke wa mgombea alinunuliwa, wakapeleka malalamiko Bukoba. Kibingo nao wakapeleka ya kwao.

Bukoba wakasema watu wa Karagwe wenyewe hawajakubaliana, wakakubaliane kwanza. Mpaka tunamaliza kubishana, majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa. La kwetu halikuwamo. Si Tata, si Kakuru.

Kakuru hakuja tena. Nilidhani ana hasira ya yale maneno ya zizi. Maziwa yalikuja mara chache, yameletwa na mtu mwingine, halafu yakakoma. Tata kila Jumamosi alikuwa anamwambia Mama aweke akamwani tayari. Baiskeli zikipita barabarani alikuwa anaacha kutafuna asikilize.

"Nenda wewe basi," Mama alikuwa anamwambia.

"Atadhani nimefuata shukrani," anajibu.

Hawa watu na heshima zao jamani! Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Tata aliugua kifua, hakufika mbali. Uhuru haukumkuta.

Ndugu wa mkago hakosi msibani. Kakuru alikuja akisukuma baiskeli, hakuipanda, kutoka Kibingo kote huko. Alishika jembe pamoja na wachimbaji mpaka wakamnyang'anya kwa kumwonea huruma. Baada ya kuzika alikuja kukaa chini karibu na Mama. Nikamwambia, "Shikamoo Tata." Akanishika kichwa.

Halafu akamwambia Mama haya, nami nikisikia.

"Jumamosi ile nilikuja kumwachia. Nilikuwa nimekwisha kuamua tangu nyumbani. Nikafika mlangoni nikaona nikisema 'nakuachia', nitakuwa namwambia wewe ndugu yangu una tamaa, umekitaka kiti hiki kuliko mimi. Nikauliza majani. Halafu wewe ukanipa mbele ya watu wote, bila kuombwa. Mimi niliyeshindwa kutoa, ningerudi hapa kwa uso gani?"

Mama alilia, nasi tukalia naye, na safari hii hatukuwa tunalilia kifo.

Wakuu, Tata alikufa hajui hilo. Ndilo linaloniuma, siyo kiti. Kiti wangekipata wengine tu. Lakini alikufa akidhani ndugu yake amemwacha, na ndugu yake alikuwa Kibingo huko akijificha kwa aibu.

Nyie mnaogombea, na nyie mnaowapigia debe, kama una mtu wako upande wa pili, nenda ukamwambie lililo moyoni kabla watu hawajakusemea. Hata kama utaonekana una tamaa. Hata kama utakosea maneno.

Kama kuna wa kwetu humu aliyesikia habari za mkago kwa wazee wake, aandike hapo chini, na kama nimekosea mahali anisahihishe. Wa Bukoba nao wanitukane taratibu, macho yangu hayasomi haraka.

Kabla Kakuru hajaondoka siku ile ya msiba, Mama alimpa akamwani ya njiani. Akatafuna moja, akasimama pale pale mlangoni, akageuka kutazama kiti cha Tata.

Mama akamwahi. "Ni yale yale, waitu," akasema. "Hatukubadilisha."